Mwenye Moyo Mzito Apelekwe kwa Nani?

Yako maswali ambayo katika mtaa wetu huulizwa kwa sauti ya chini, mlangoni pa kanisa baada ya ibada, au jikoni wakati wa msiba, wala hayafiki kamwe katika mkutano wa halmashauri. Moja la maswali hayo ni hili: mtu akiwa hana homa wala jeraha, lakini usiku halali, chakula hakitaki, watu hataki kuonana nao, naye asema kwamba maisha yamemchosha, je, apelekwe kwa nani?

Majibu hayakosekani. Wa kwanza atasema, "Apelekwe hospitali, huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine." Wa pili atasema, "Aombewe." Wa tatu atasema, "Waitwe wazee wa ukoo, maana hapo pana neno ambalo halijasemwa." Wa nne, ambaye pengine ana mtoto aliyesoma chuo, atasema, "Siku hizi wako washauri nasaha, aende akazungumze nao." Kila mmoja husema kwa nia njema, na kila mmoja aweza kumtaja mtu aliyepona kwa njia yake. Lakini mara nyingi mgonjwa hubaki katikati akivutwa huku na huku, na mwishowe huambiwa kwamba hakupona kwa sababu alipungukiwa na imani, au alisahau kumeza dawa, au alikuwa mkaidi tu.

Mwezi huu tungependa tulitazame jambo hili kwa utulivu. Hatuandiki kama madaktari, maana sisi si madaktari. Twaandika kwa sababu ndani ya jambo hili limo swali la dhamiri, linalomhusu kila mtu anayejaribu kumsaidia mwenzake: je, ni halali kumsaidia mtu kwa njia nyingi zilizounganishwa, au huo ni ubabaishaji?

Wazee wetu wametuachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja yasema kwamba jifya moja haliinjiki chungu, na kila aliyepika kwa kuni ajua kwamba pasipo mafiga matatu chakula kitamwagika motoni. Nyingine yasema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ya kwanza yatutaka tukusanye misaada, ya pili yatuonya tusiikusanye ovyo. Tuzishike zote mbili, kwa maana tutazihitaji.

NYUMBA NYINGI ZA USHAURI

Walio nje ya kazi hii hudhani kwamba ushauri nasaha ni kitu kimoja. Sivyo. Tangu mwisho wa karne ya 19 zimejengwa nyumba nyingi za elimu ya kutibu kwa mazungumzo, na kila nyumba ina mwalimu wake na mafundisho yake.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeishi tangu 1856 hadi 1939, alifundisha kwamba mengi yanayotusumbua yamefichika ndani yetu hata sisi wenyewe hatuyajui, na kwamba mengi yake yalianza utotoni. Basi mgonjwa aachwe aseme kila linalomjia, mpaka lile lililofichika lijitokeze. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, alishika njia nyingine kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1958 alieleza kwamba hofu ni mazoea, na mazoea yaliyofundishwa yaweza kufundishwa upya: mwenye kuogopa asogezwe kidogo kidogo kulikaribia lile analoliogopa, huku mwili wake umetulia, mpaka hofu iishe nguvu. Mmarekani Carl Rogers, ambaye katika ujana wake alianza masomo ya theolojia huko New York kabla ya kuhamia saikolojia, alisema kwamba jambo kubwa ni namna mshauri mwenyewe alivyo: awe mkweli, amheshimu mtu bila masharti, na ajitahidi kuona mambo kama yule mtu anavyoyaona. Naye Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, katika miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wenye huzuni nzito wana mawazo yanayojirudia, kama vile "mimi sifai" na "hakuna litakalobadilika". Akawafundisha kuyapima mawazo hayo kama hakimu apimavyo ushahidi, badala ya kuyakubali tu.

Kila nyumba iliona kweli fulani. Shida ilianza pale kila nyumba ilipofunga mlango wake na kudai kwamba kweli yote imo ndani humo. Kwa miaka mingi wafuasi wa nyumba moja waliwacheka wa nyumba nyingine, na mgonjwa alitibiwa kwa kufuata mlango aliotokea kuubisha, wala si kwa kufuata shida aliyokuja nayo.

Walakini sauti za upatanisho zilianza mapema. Mwaka 1936 Mmarekani Saul Rosenzweig aliandika makala fupi yenye swali zito: ikiwa kila nyumba yadai kwamba nadharia yake ndiyo ya kweli, mbona nyumba zote zina watu waliopona? Huenda, alisema, liko jambo lililo sawa katika zote ambalo hakuna anayelitaja. Mwaka 1961 daktari Jerome Frank aliliendeleza swali hilo katika kitabu kilicholinganisha tiba ya mazungumzo na uponyaji wa kidini na wa kienyeji wa watu mbalimbali. Aliona kwamba popote moyo wa mtu unapotibiwa hukutwa mambo manne: mtu anayeaminika na anayejali, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, maelezo yanayoipa shida maana, na jambo la kufanya ambalo mgonjwa na msaidizi wake hulishiriki pamoja. Tena aliona kwamba wengi wanaokuja kutafuta msaada wamekwisha kukata tamaa, na kwamba kuwarudishia tumaini ni sehemu kubwa ya tiba yenyewe.

Arnold Lazarus, mzaliwa mwingine wa Johannesburg aliyekuwa mwanafunzi wa Wolpe, aliwafuatilia watu waliokwisha kutibiwa akaona kwamba baadhi yao walirudiwa na shida zao. Akashauri kwamba msaidizi asiridhike na swali moja, bali aulize juu ya mambo saba: matendo ya mtu, hisia za moyo wake, anayoyasikia mwilini, picha zinazomjia akilini, mawazo yake, watu anaoishi nao, na afya ya mwili pamoja na dawa anazotumia. Mwaka 1983 wataalamu wa nyumba mbalimbali waliunda chama cha kuchunguza namna ya kuziunganisha tiba hizi. Siku hizi njia hiyo huitwa ushauri jumuishi, na vyuo vingi huifundisha.

JE, HUO NI UAMINIFU?

Wako wasioipenda njia hiyo, na hoja zao zastahili kusikilizwa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba anayechanganya kila kitu hajui kitu. Sote tumewaona sokoni wale wenye chupa moja ya dawa inayotibu tumbo, mgongo, presha na mikosi. Mtu aliyehudhuria semina ya siku tatu katika kila nyumba, akachota hiki huku na kile kule, ana tofauti gani nao? Twakiri kwamba hoja hii ina nguvu, nasi tutairudia.

Hoja ya pili ni ya ndani zaidi. Wasema kwamba nyumba hizi hazitofautiani kwa vifaa tu; zatofautiana juu ya swali la mtu ni nini. Moja yasema kwamba mtu husukumwa na yaliyopita. Nyingine yasema kwamba mtu ni mazoea yake. Nyingine yasema kwamba mtu ana uhuru wa kujichagulia. Ukizitumia zote, waamini nini juu ya mtu aliyeketi mbele yako? Leo utamwambia kwamba hakuwa na la kufanya, na kesho utamdai hesabu ya alilolifanya?

Twafikiri kwamba jibu hupatikana tukimtazama mtu mwenyewe. Chukueni mfano, ambao si habari ya mtu fulani bali umefanana na wengi. Mama amefiwa na mumewe, sasa ni miezi minane. Usiku hapati usingizi. Shemeji zake wanalidai shamba. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mwanamke mwema halalamiki, kwa hiyo amenyamaza. Kila alalapo hujiambia kwamba angalimwahisha mumewe hospitali, angalipona. Tena damu yake imepungua, wala hajui. Je, shida ya mama huyu ni ipi? Ni damu? Ni shamba? Ni malezi? Ni lile wazo la usiku? Ni msiba ambao hajaulilia?

Ni yote hayo, nayo hayakungoja zamu yalipokuja. Aliyempa vidonge vya kuongeza damu amemsaidia kweli, lakini shemeji bado wako mlangoni. Aliyemfundisha kulipima wazo lake amemsaidia, lakini amrudisha nyumbani ambako watu wengine wanapima shamba. Aliyemtetea mpaka shamba likabaki mikononi mwake amefanya haki, naye aweza kushangaa akisikia kwamba mama bado halali. Kila mmoja wao alifanya kazi yake vizuri. Kosa lingekuwa kila mmoja kusema, "Sasa amekwisha kusaidiwa."

Mtu ni mmoja, ijapokuwa njia za kumwendea ni nyingi. Hakuna anayemwita daktari mnafiki kwa kuwa ampa mgonjwa wa kifua kikuu dawa, kisha ahimiza apewe chakula chenye nguvu, kisha aiambia nyumba ifungue madirisha. Kila moja la mambo hayo lina elimu yake, lakini mgonjwa ni yule yule. Unafiki ungekuwa kuona kwamba mgonjwa ana njaa na kunyamaza, eti kwa sababu chakula si fani yetu.

Na juu ya hoja ya pili, kila mmoja wetu ajua jibu akijitazama mwenyewe. Tumefungwa na mengi ambayo hatukuyachagua, na pamoja na hayo twachagua kila siku. Wenye nadharia wamevitenga vitu hivi viwili ili wapate kuvichunguza, jambo ambalo ni haki yao. Lakini maisha hayajavitenga. Mama yule hakujichagulia malezi yake, walakini leo aweza kuchagua kumweleza mtu mmoja yaliyo moyoni. Basi msaidizi mwema humhurumia kwa lile asilolichagua, na humheshimu kwa lile awezalo kulichagua. Mwenye kushika huruma peke yake humfanya mtu mzima kuwa mtoto. Mwenye kushika hesabu peke yake humtwika mzigo usio wake.

KUULIZA KABLA YA KUJIBU

Lakini hoja ya yule muuza chupa sokoni haijajibiwa. Ni nini kinachomtenganisha naye mshauri anayeunganisha njia nyingi? Kwa maoni yetu ni hiki: muuza chupa analo jibu kabla hajaulizwa. Mshauri wa kweli huuliza kwanza, kisha huchagua, tena aweza kueleza kwa nini amechagua hivyo.

Mwaka 1935 kasisi kijana wa Kanisa la Uingereza, Chad Varah, katika mji wa Lincoln, alimzika msichana aliyejiua. Msichana yule alikuwa ameanza kupata siku zake, hakuwa na mtu wa kumwuliza, akadhani kwamba amepata ugonjwa wa zinaa. Hebu tufikiri kidogo: alihitaji nini? Hakuhitaji vidonge, wala miaka ya kuchunguza utoto wake, wala kukemewa pepo. Alihitaji mtu mzima mmoja wa kumwambia kweli kwa dakika kumi. Dakika hizo hazikupatikana, na msichana akaenda kaburini.

Varah hakulisahau kaburi lile. Mwaka 1953, akiwa katika kanisa la St Stephen Walbrook jijini London, alianza huduma ya simu kwa watu wanaofikiri kujiua, huduma ambayo ilikuja kujulikana kwa jina la Samaritans. Watu wakaja kwa wingi, wakawa wanangoja zamu ya kuonana naye, na waliojitolea kusaidia walikaa nao wakiwapa chai. Ndipo ilipoonekana kwamba wengi waliokwisha kuzungumza na wale wa chai hawakuhitaji tena kumwona kasisi. Mwingine angaliona wivu. Varah, mwezi wa Februari 1954, aliwakabidhi wale waliojitolea kazi ya kusikiliza, naye akabaki kuwasimamia na kuwaona wale waliohitaji zaidi.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe, mmoja wa madaktari wachache wa magonjwa ya akili katika nchi ile, alikuwa na mgonjwa, mwanamke kijana, ambaye alijiua. Mama wa marehemu alimweleza kwamba walikuwa wamekusudia kumleta hospitali, ila walikosa nauli ya basi, dola 15. Daktari alikuwapo, elimu ilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, Chibanda alianza kazi na akina bibi 14, wahudumu wa afya wa kijiji chao wasio na shahada yoyote. Hapakuwa na chumba cha kuwapa, kwa hiyo waliketi nje kwenye benchi. Kazi hiyo ikaitwa Benchi la Urafiki.

Akina bibi hao hawatumii majina magumu ya magonjwa. Hutumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Nasi twalielewa mara moja, kwa sababu Waswahili husema "ana mawazo" na kila mtu hujua kwamba hali si nzuri. Kwanza bibi humsikiliza mtu mpaka moyo ufunguke. Kisha humsaidia kuzitaja shida zake zote, kuchagua moja, na kupanga hatua moja ambayo aweza kuichukua wiki hii. Baadaye humkaribisha katika kikundi cha waliopita pale pale, ambao husuka mifuko ya kuuza huku wakizungumza. Aliye hatarini hupelekwa kwa wenye ujuzi zaidi.

Je, haya yalileta faida, au ni hadithi nzuri tu? Jambo hilo lilipimwa katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, na matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na akina bibi ni asilimia 13.7 waliobaki na dalili za huzuni nzito. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Kazi hiyo imevuka mipaka, ikafika Malawi na hata Zanzibar.

Tazameni yaliyounganishwa pale: kusikiliza kwa heshima, hatua ndogo ndogo, wenzi, riziki, lugha ya nyumbani, na mlango wa hospitali ulio wazi kwa mwenye kuuhitaji. Tena kumbukeni kwamba akina bibi hawakujibunia tu. Walifundishwa, wana utaratibu ulioandikwa, na wana msimamizi. Hapo ndipo wanapotofautiana na muuza chupa.

Kwa upande mwingine, tusidhani kwamba mazungumzo hayawezi kudhuru. Ilikuwa desturi katika nchi nyingi, baada ya ajali au maafa, kuwakusanya walionusurika na kuwataka wasimulie papo hapo yote waliyoyaona, mara moja tu, kisha kuwaacha waende. Lilionekana kuwa tendo la huruma. Lakini majaribio yalipokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2002, hayakuonyesha kwamba zoezi hilo la mara moja huzuia madhara ya baadaye, na waliopima walishauri kwamba watu wasilazimishwe kulifanya. Hata nia njema yahitaji kupimwa. Labda ndiyo maana desturi yetu ya msiba ina hekima: jirani huja, huketi mkekani, huchota maji, huosha vyombo, wala hamhoji mfiwa.

Wasomaji wa Maandiko watakumbuka habari ya Eliya, alipokimbilia jangwani akaomba afe. Tukiisoma polepole tutaona kwamba hakuhubiriwa kwanza. Kwanza aliachwa alale. Kisha alipewa mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena. Baadaye ndipo alipoulizwa afanya nini pale, naye akaachwa alitoe lalamiko lake, tena mara mbili. Ndipo wazo lake kwamba amebaki peke yake liliposahihishwa kwa hesabu, kwa kuwa walikuwako wengine 7,000. Akapewa kazi ya kufanya, na mwenzake wa kuifanya naye. Hatusemi kwamba Biblia ni kitabu cha saikolojia. Twasema tu kwamba anayedhani kuwa kumpikia mtu uji na kumwacha alale ni kupungukiwa na imani, na aisome tena habari hiyo.

NAHODHA NI NANI?

Sasa turudi kwenye methali ya pili. Mafiga yakiwa matatu ni vema, lakini chombo chataka nahodha mmoja. Mwenye moyo mzito akienda kwa daktari Jumatatu, kwa mwombaji Jumatano, na kwa wazee Jumamosi, na hao watatu hawajui habari za wenzao, huyo hajasaidiwa kwa njia jumuishi. Amerushwa tu kutoka mkono hadi mkono.

Kwanza kabisa, mwenye chombo ni yule mgonjwa mwenyewe. Njia yoyote itakayotumika aelezwe kwa lugha anayoielewa, aambiwe kwa nini, na akikataa asitukanwe. Pili, pawe na mtu mmoja anayeijua habari yote na anayewajibika. Aweza kuwa mshauri, muuguzi, kasisi au dada wa tumbo moja; la lazima ni kwamba mgonjwa amemchagua na kumwamini. Tatu, mtu huyo aujue mpaka wake. Akisikia neno la kujiua, au kwamba mgonjwa husikia sauti zisizosikika na wengine, au mama aliyejifungua karibuni amebadilika akili, hapo pa kwenda ni hospitali siku ile ile. Wengi huogopa kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiri kujiua, wakidhani kwamba swali litampandia wazo hilo. Uchunguzi haukuonyesha kwamba ni hivyo. Mara nyingi swali humpa nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake.

Nne, na hapa twataka kusema bila kuficha: hakuna mwenye kuombea aliyepewa haki ya kumwambia mgonjwa atupe dawa zake. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafula aweza kupatwa na degedege mfululizo, hata kufa. Dawa zipunguzwe na aliyeziandika. Vivyo hivyo hakuna mwenye elimu aliyepewa haki ya kuicheka sala ya mgonjwa, maana huenda ndiyo kamba pekee ambayo mtu huyo bado ameishika. Sala na vidonge havigombani. Wagombanao ni watu.

Tano ni siri. Mshauri wa chuo hufungwa na kanuni za kazi yake asitoe nje aliyoambiwa. Sisi tusio na kanuni hiyo twahitaji kujifunga wenyewe. Tumesikia maombi ambayo kwa kweli yalikuwa umbeya uliofumbiwa macho: "Tumkumbuke dada yetu ambaye ndoa yake ina matatizo." Jina halikutajwa, lakini kila mtu kanisani aligeuza shingo. Aliyefanyiwa hivyo mara moja hatasema tena, na pengine siku atakayohitaji kusema ndiyo siku ya kufa na kupona.

Basi, ndugu, je, ni halali kumsaidia mtu kwa njia nyingi? Twajibu kwamba ni halali, tena mara nyingine ni wajibu, maadamu ni shida ya mtu inayochagua njia, wala si kiburi cha msaidizi. Aliye na njia moja tu asimlazimishe kila mtu aipite. Aliye na njia nyingi asizitumie kwa kujionyesha. Wote wawili waanze kwa kuuliza.

Na hilo la kuuliza halihitaji shahada. Siku mtu atakapotuita pembeni na kusema, "Fulani hali yake si nzuri, apelekwe kwa nani?", tusikimbilie kulitaja jina la daktari wala la mwombaji. Tuulize: Amelala? Amekula? Nani yuko naye usiku? Limetokea jambo gani? Yeye mwenyewe asema anataka nini? Hili la mwisho ndilo husahaulika kuliko yote, kwa kuwa sisi tunaosaidia twapenda sana kuzungumza sisi kwa sisi juu ya mgonjwa, naye akiwa ameketi chumba cha pili, akitusikia.